Panda Mfereji Kabla ya Kuilaumu Ndiva

Msafiri ashukaye kutoka milima ya Upare kwenda Kwakoa, kwenye tambarare yenye joto na vumbi, hahitaji kuambiwa kwamba gari katika nchi ile si pambo la tajiri bali ni mguu wa kijiji kizima. Ndilo limfikishalo mgonjwa hospitali usiku wa manane, ndilo lichukualo mavuno gulioni, na siku likataapo kuwaka, riziki za watu wengi husimama pamoja nalo. Kwa sababu hiyo naona ni wajibu kunena juu ya ada moja iliyoenea katika gereji zetu, ambayo imewagharimu wenye magari mali nyingi bila ya haki: ada ya kuihukumu betri kabla ya kuipima.

Jirani yangu mmoja wa huko, pikapu yake ilipogoma alfajiri, aliambiwa kwamba betri imekufa. Aliuza mbuzi wawili, akanunua mpya, na baada ya majuma matatu nayo ikalala kama ya kwanza. Fundi wa pili akasema kwamba hiyo ilikuwa mbovu tangu dukani. Fundi wa tatu, kijana mwenye mita ndogo mkononi, alipima, akaufuata waya wa athi utokao kwenye betri hadi kwenye bodi ya gari, akakuta umeliwa na kutu chini ya bolti yake. Akaukwangua, akaukaza, na kazi ya nusu saa ikamaliza taabu ya mwezi mzima.

Wazee wa Upare walikuwa na insafu kubwa kuliko hiyo katika jambo la maji. Ndiva, lile bwawa likusanyalo maji ya mfereji usiku ili mashamba yanyweshwe mchana, ilipoonekana tupu asubuhi, hawakukimbilia kuchimba nyingine, bali walipanda wakiufuata mfereji hadi chanzoni, wakitazama mahali maji yalipopotelea. Katika gari, betri ndiyo ndiva. Altaneta, izungushwayo na mkanda wa injini, ndiyo chemchemi. Nyaya ndizo mifereji. Na kidhibiti cha volti, ambacho mafundi wengi bado hukiita katauti, ndicho lango lizuialo mafuriko.

Kuupanda mfereji huo si elimu ya siri. Betri nzima iliyojaa, ikiwa imepumzika usiku kucha, husoma takriban volti 12.6, kwa kuwa ina vyumba sita na kila kimoja hutoa kidogo zaidi ya volti 2, ikisoma 12.0 imekaribia kuwa tupu, lakini utupu si kifo. Injini ikiisha kuwaka, aghalabu kipimo sharti kipande kifike baina ya 13.8 na 14.5, na kisianguke sana hata taa kubwa na feni zikiwashwa. Kisipopanda, utazamwe mkanda uliolegea, fyuzi, na kaboni za altaneta zilizolika. Itazamwe pia ile taa nyekundu ya betri, kwani katika magari mengi isipowaka ufunguo ufunguliwapo, huenda altaneta yenyewe isiamke. Kikipita 15, katauti imeharibika na betri inachemshwa. Na ikiwa altaneta inatoa umeme wa kutosha ilhali betri haiupati, basi waya ndio mwizi: injini ikiwaka na taa zikiwashwa, tofauti baina ya ncha mbili za waya mmoja haipasi kuzidi sana volti 0.2.

Liko jaribio jingine ambalo lastahili kukomeshwa kabisa, nalo ni kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma. Pengine lilivumilika katika zama za dainamo. Lakini hata Land Rover, gari lililozoea njia zetu, liliiacha dainamo na kuchukua altaneta ilipotoka Series III mwaka 1971. Betri ndiyo ipokeayo mishindo ya umeme wa altaneta. Ikiondolewa ghafla, volti huruka, zikaunguza dayodi za altaneta na kompyuta za magari ya leo, na fundi akawa ameharibu kizima akitafuta kibovu.

Sikatai kwamba betri hufa, na joto la tambarare huyafupisha maisha yake. Wala sidharau sikio la fundi mzoefu, au shida yake mbele ya mteja mwenye haraka. Lakini vipimo hivi huchukua dakika chache, na bei ya mita ndogo ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri. Kwa hiyo mwenye gari asitoe fedha kabla ya kuandikiwa tarakimu tatu: ya gari lililolala, ya injini iwakayo, na ya injini iwakayo pamoja na taa zote. Na VETA, ambayo huwatambua mafundi waliojifunza kazi nje ya darasa, iifanye mita kuwa sharti la kwanza la kumtambua fundi wa umeme wa magari.

Betri ya kwanza ya jirani yangu, ile iliyoitwa maiti, ilichajiwa baadaye ikaonekana nzima, na hadi leo inafanya kazi. Mbuzi wake hawakurudi.