Waraka wa wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: Nyonga mpya, nyumba ile ile

Ndugu Mganga Mkuu,

Zamani aliyehitaji nyonga bandia alifikiria India. Leo upasuaji huo unafanyika hapa hapa nchini, na madaktari bingwa wetu nawashukuru kwa dhati. Ninayoandikia ni yale yanayomkuta mgonjwa akisharuhusiwa kurudi nyumbani.

Mama yangu alitoka wodini na karatasi ya Kiingereza iliyomtahadharisha na sofa la chini na beseni la kuogea. Kwetu Muheza kuna choo cha kuchuchumaa, kigoda cha jikoni na mkeka wa kuswalia. Hakuna hata kimoja kilichotajwa, na hatari iko hapo hapo. Aliyepasuliwa kwa upande wa nyuma huambiwa kwamba wiki 6 hadi 12 za mwanzo goti lisipande juu ya usawa wa nyonga anapokaa, asikunje nne, wala asigeuze mguu huo kwa ndani. Akichuchumaa, nyonga inaweza kuchomoka.

Tulimwita seremala akatoboa kiti cha mbao chenye mikono, akakirefusha miguu, tukakiweka juu ya tundu la choo. Kitanda tukakiinua kwa matofali. Usiku alilala na mto katikati ya mapaja. Swala aliswali kitini, na ni sheikh wa mtaa aliyemtoa wasiwasi. Ngazi za barazani zilimtisha mpaka jirani yetu, muuguzi mstaafu, alipomfundisha: kupanda, utangulie mguu mzima, kushuka, yatangulie magongo na mguu uliopasuliwa.

Jirani huyo huyo alituonya kuhusu damu kuganda. Kwetu mguu ukivimba hukandwa. Yeye alisema shavu la mguu likivimba na kuuma, asikandwe, apelekwe hospitali. Na pumzi ikibana ghafla, tusingoje kupambazuke, maana bonge la damu linaweza kusafiri hadi mapafuni. Asiye na jirani kama huyu atayajulia wapi haya?

Wala nyonga bandia si suala la wazee peke yao. Selimundu hukausha kichwa cha mfupa wa paja kwa kukinyima damu, na kuna vijana wanaobadilishwa nyonga kwa sababu hiyo.

Naomba mambo mawili. Kwanza, karatasi ya Kiswahili yenye michoro, inayozungumzia choo, kigoda, mkeka na bodaboda, pamoja na mchoro na vipimo vya kiti kile ili seremala yeyote akitengeneze. Pili, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao Serikali iliuzindua mwaka 2024, wafundishwe dalili za damu kuganda, na hospitali impigie simu mhudumu wa mtaa kabla mgonjwa hajatoka wodini. Kiti chetu hakikuhitaji zaidi ya mbao, misumari na siku moja ya fundi. Agiza kazi hii ianze.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwana anayemuuguza mama yake, Muheza, Tanga