Mafuta ya Alizeti Hayana Hatia ya Chunusi

Katika Nduguti, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Tanzania, watu wengi huamini kwamba chunusi zinazojaa usoni mwa vijana hutokana na mafuta wanayokula, na kwamba kijana akiacha karanga, mayai, nyama ya kukaanga na mboga iliyoungwa kwa mafuta uso wake utatakata. Imani hiyo si ya kweli. Kuiendeleza katika mji ambao ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012 na ambayo wakulima wake wanategemea alizeti kwa chakula na kwa fedha, ni kumnyima kijana anayekua lishe anayoihitaji, tena kwa kosa ambalo lishe hiyo haikulitenda.

Mafuta ya alizeti yanapoliwa humeng'enywa katika utumbo mwembamba kwa msaada wa nyongo, kisha huingia mwilini yakiwa yamekwisha kuvunjwavunjwa, na mwili huyatumia kupata nguvu au huyaweka akiba. Hakuna njia inayoyatoa tumboni na kuyafikisha mashavuni yakiwa mafuta yale yale. Mafuta yanayong'aa puani na kwenye paji la uso ni kitu kingine, kwa kuwa hutengenezwa na tezi ndogo zilizoshikamana na vishimo vya vinyweleo, nazo huamrishwa na androjeni, yaani homoni za kiume ambazo hata wasichana wanazo kwa kiasi kidogo na ambazo huongezeka mtu anapobalehe. Mafuta hayo yakizidi, na chembe za ngozi zilizokufa zikagandamana nayo badala ya kubanduka, mdomo wa kishimo huziba. Nyuma ya kizibo hicho hustawi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwa kawaida kwenye ngozi ya binadamu, na mwili unapopambana naye mahali hapo huvimba, huuma na kutunga usaha. Mwaka 1941 mtafiti wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakuwa na chunusi, ila walipopewa homoni ya kiume baadhi yao walianza kuzipata.

Hata bila maabara, sufuria ya nyumbani ingetosha kuitilia shaka imani hii, maana bibi, baba, mama na watoto hula ugali na mlenda ule ule uliotiwa karanga zile zile, lakini anayeota chunusi ni kijana wa miaka 16, na pengine mmoja tu kati ya ndugu wanne. Tofauti hiyo huelezwa na umri, na zaidi na urithi: utafiti uliofanywa kwa wanawake mapacha nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba asilimia 81 ya tofauti za chunusi baina yao zilitokana na vinasaba, yaani maelekezo ya kimwili ambayo mtoto huyapokea kwa wazazi wake.

Haki inataka isemwe pia kwamba chakula hakijaachiwa huru chote. Utafiti mdogo wa Australia uliochapishwa mwaka 2007, uliowahusu vijana wa kiume 43 kwa wiki 12, uliona kwamba waliopunguza vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka walipungukiwa chunusi kuliko wenzao. Kwa hiyo mzazi anayemkataza binti yake mafuta kisha akamwachia soda, maandazi na chai yenye sukari nyingi amekataza kisichohusika na kuruhusu kile ambacho angalau kina ushahidi dhidi yake.

Imani nyingine mbili husimama kando ya hiyo, nazo zinaumiza zaidi kwa sababu humhukumu kijana kwa tabia. Ya kwanza ni ya uchafu, ingawa weusi unaoonekana kwenye baadhi ya vipele si taka bali ni rangi ya asili ya ngozi iliyokutana na hewa, na kuusugua uso kwa sabuni kali mara nyingi kwa siku huukwaruza na kuuzidishia uvimbe. Ya pili ni kwamba chunusi ni dalili ya hamu ya mapenzi isiyotimizwa na kwamba zitaisha mtu akioa au akiolewa. Homoni zinazoamsha hamu ndizo pia zinazoamsha tezi za mafuta, na umri ambao wengi huingia katika ndoa ndio ambao chunusi za wengi huanza kupungua zenyewe. Mambo yaliyosadifiana kwa wakati yamefanywa chanzo na matokeo, na msichana wa shule akabebeshwa aibu isiyo yake.

Madhara makubwa huja pale kijana aliyekwisha kuaibishwa anapoelekea dukani kutafuta krimu. Krimu zenye betamethazoni au klobetasoli ni dawa za jamii ya steroidi, ambazo kazi yake ni kutuliza uvimbe, kwa hiyo siku za mwanzo vipele hunywea, rangi hung'aa na mtumiaji husadiki kwamba amepona. Zikiendelea kupakwa usoni kwa wiki na miezi, ngozi huwa nyembamba, vijishipa vyekundu hujitokeza, vinyweleo huongezeka, na huzuka chunusi mpya zinazosababishwa na dawa yenyewe. Akiacha ghafla, uso huwaka kuliko mwanzo, naye hurudi kununua. Vipodozi vya kujichubua vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, kwani zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Hata mafuta mazito ya nywele yanayoteremka hadi kwenye paji la uso yanaweza kuziba vishimo, jambo ambalo madaktari wa Marekani walilieleza mwaka 1970; yaani mafuta ya kuchunguzwa ni ya kupaka, si ya kula.

Tanzania haikosi ujuzi wa jambo hili: kituo cha kufundishia matibabu ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kilianza mwaka 1992 na kimekuwa kikiwaandaa watabibu wa ngozi kwa nchi nyingi za Afrika. Dawa zinazofaa, kama benzoili peroksaidi, zinajulikana, ila huhitaji wiki sita hadi nane au zaidi kabla ya matokeo kuonekana, na alama nyeusi zinazobaki kwenye ngozi yetu hufifia kwa miezi. Wazazi na walimu wa Nduguti wanaombwa wamrudishie kijana mboga yake iliyoungwa kwa alizeti, wakome kumuuliza maswali ya aibu kuhusu uso wake, na fedha ya krimu waitumie kumpeleka kwa tabibu.