Nyumba ya Mfanyakazi na Nyundo ya Dalali



Ukitoka Kalerwe ukapanda kuingia Kyebando, utaona nyumba nyingi zimeandikwa ukutani kwa rangi kubwa: HAIUZWI. Mgeni akiona hudhani ni mzaha. Sisi wenyeji tunajua maana yake. Mwenye nyumba anaogopa ndugu yake, anaogopa tapeli, anaogopa karatasi aliyotia sahihi siku ya shida. Lakini rangi ya ukutani haimzuii dalali wa mahakama. Akija na barua yake, huigongomea juu ya maandishi hayo hayo.

Mwaka jana mwanachama wetu mmoja alikuja ofisini akiwa na barua ya benki ndani ya mfuko wa plastiki. Amefanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa, kwenye mashine. Alikopa shilingi milioni 18 kumalizia nyumba yake ya vyumba vinne: viwili vya kulala yeye na watoto, viwili vya kupangisha. Mkopo ulikatwa kwenye mshahara kila mwezi, na kila karatasi ya mshahara aliitunza. Kisha kiwanda kikaanza kuyumba. Mishahara ikachelewa. Makato yakaendelea kuonekana kwenye karatasi, lakini fedha hazikufika benki. Miezi minne baadaye akapunguzwa kazi, na juu yake ikaja barua kwamba yeye ni mdaiwa sugu.

Nawauliza, ndugu zangu: hapo mdaiwa sugu ni nani?

Kwa sababu ya kisa hicho na vingine vya namna hiyo, wanachama wameuliza katika mikutano yetu: Je, serikali iingie kati kuwaokoa watu ambao nyumba zao zinakaribia kunadiwa? Wengine wanasema ndiyo, bila masharti. Wengine wanasema dawa ya deni ni kulipa, basi. Mimi nasema ndiyo, lakini si kwa kila mtu na si kwa zawadi. Nitaeleza.

SHERIA INASEMA NINI

Kwanza mfanyakazi ajue haki yake. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 haimruhusu mkopeshaji kuamka asubuhi na kuuza nyumba yako. Lazima akupe taarifa ya maandishi kwamba umeshindwa kulipa, na siku 45 za kazi za kurekebisha. Ukishindwa, lazima akupe taarifa nyingine ya kuuza, siku 21 za kazi. Jumla ni siku 66 za kazi, kama miezi mitatu hivi. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mume au mke. Na kabla ya kuuza, mali lazima ithaminiwe.

Hayo ni mazuri. Lakini miezi mitatu ni mifupi kwa mtu aliyepoteza kazi. Mlipwaji wa mshahara hapati kazi nyingine kwa siku 66 katika Kampala hii. Akisema aende mahakamani kuomba mnada usimamishwe, anakutana na kanuni za mwaka 2012. Kanuni hizo zinairuhusu mahakama kumtaka aweke amana ya asilimia 30, ama ya thamani ya nyumba ikiuzwa kwa haraka, ama ya deni lililobaki.

Tupige hesabu. Nyumba ikithaminiwa shilingi milioni 60, asilimia 30 ni milioni 18. Mtu anayepata laki nne kwa mwezi anahitaji mshahara wa miezi 45, bila kula, bila kulipa karo, ili tu asikilizwe. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliyeandika kanuni hiyo alikuwa akimfikiria tajiri anayechelewesha kesi kwa ujanja, na tajiri huyo yupo kweli. Lakini mwendesha mashine amenaswa katika mtego uliotegewa mwingine.

SERIKALI IMEKWISHA OKOA WENGINE

Wanaosema serikali haipaswi kuingilia madeni ya watu, wakumbuke yaliyotokea hapa hapa. Mwezi Oktoba 2016 Benki Kuu ilichukua usimamizi wa Crane Bank iliyokuwa ikizama, ikatia humo zaidi ya shilingi bilioni 470 kabla ya kuipitisha kwa DFCU mwezi Januari 2017. Walisema ni kulinda akiba za watu na mabenki mengine. Sawa, akiba za watu zilindwe. Mwaka huo huo wa 2016 makampuni makubwa yaliiomba serikali iyabebee madeni, na kiasi kilichotajwa kilizidi shilingi trilioni moja. Hoja ikajadiliwa hadharani kama jambo la kawaida. 

Basi mfanyakazi wa Kyebando akiomba muda wa miezi sita, kwa nini anaambiwa ni mvivu?

Wakati wa korona tuliona kwamba jambo hili linawezekana. Kuanzia Aprili 2020 Benki Kuu iliruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya watu walioathirika, na nyumba nyingi ziliponea hapo. Lakini mpango ule ulihusu taasisi zinazosimamiwa na Benki Kuu. Aliyekopa kwa mkopeshaji wa mtaani hakupata nafuu hiyo. Na makabwela wengi ndiko wanakokopa.

Huko Marekani nako kuna mafunzo mawili. Mwaka 2008 nyumba zilipokuwa zikinadiwa kwa mamia ya maelfu, bunge lao liliidhinisha dola bilioni 700, na mabenki yalihudumiwa kwanza. Wenye nyumba walisubiri, na mamilioni wakazipoteza. Lakini mwaka 1933, enzi za Roosevelt, walifanya vingine. Waliunda shirika la serikali lililonunua madeni ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, likawapa wenye nyumba muda mrefu zaidi na riba nafuu. Waliosaidiwa ni kama milioni moja. Si wote walioweza. Takriban mmoja katika kila watano alishindwa hata hivyo na nyumba ikachukuliwa. Lakini wanne walibaki nyumbani mwao, na shirika lilipofungwa mwaka 1951 halikuiachia serikali hasara. Lilikuwa deni lililopangwa kwa kipimo cha mtu, si sadaka.

KISA CHANGU MWENYEWE

Sitaki mfikiri ninasema haya kama mtu aliye pembeni. Mimi pia nilikopa. Mwaka mmoja karo za watoto wawili zilinikuta sina kitu, nikaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, nikachukua shilingi milioni mbili kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Nikaacha kwake karatasi za kibanja changu. Mama watoto sikumwambia. Nililipa laki mbili kila mwezi kwa miezi saba. Jumla nilitoa milioni moja na laki nne, na deni bado lilikuwa milioni mbili kamili, kwa kuwa nilichokuwa nikilipa ni riba peke yake. Siku moja mtu aliyejua kusoma kuliko mimi aliitazama ile karatasi niliyotia sahihi. Haikuwa mkataba wa mkopo. Ilikuwa mkataba wa kuuza kibanja.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ile nyumbani kwangu palikuwa matanga bila maiti.

Nilichookolewa nacho ni chama cha akiba cha wafanyakazi wenzangu. Walinipa milioni mbili, tukamlipa yule mtu mbele ya mwenyekiti wa LC, karatasi ikachanwa. Nami nikawalipa wenzangu laki moja kila mwezi kwa miezi 20, na riba ndogo juu yake. Hawakunipa bure. Walinipa muda. Ndiyo maana nasema: anayezama hahitaji zawadi, anahitaji mtu amshike mkono mpaka afike ukingoni.

MPANGAJI ANAULIZA

Kuna swali la haki, nalo liliulizwa na dada mmoja wa kiwandani anayepanga muzigo wa chumba kimoja. Alisema: "Mimi sina nyumba. Nikinunua sabuni nalipa kodi. Kwa nini kodi yangu imwokoe mwenye nyumba?"

Dada huyu ana haki ya kujibiwa. Jibu la kwanza: fedha itakayotumika iwe mkopo unaorudi, si ruzuku. Jibu la pili: asiokolewe mwenye majengo matano aliyekopa ili ajenge la sita. Huyo alicheza biashara, na biashara ina kupata na kukosa. Aokolewe mwenye nyumba moja anayoishi, aliyeanguka kwa sababu ya kufukuzwa kazi, mshahara kutolipwa au ugonjwa. Jibu la tatu: dalali akija, hafukuzi mwenye nyumba peke yake. Wale wapangaji wa vyumba viwili vya nyuma nao hutolewa vitu nje siku hiyo hiyo, na kodi walizolipa mbele zimekwenda.

Wengine wanasema mabenki yakizuiwa kuuza, yatapandisha riba au yatakataa kumkopesha mfanyakazi. Ni hoja ya kweli, na ndiyo sababu sitaki mnada ufutwe kabisa. Lakini riba ya benki kwa shilingi miaka ya karibuni imekuwa karibu asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka, na minada ipo. Kama nyundo ya dalali ingeshusha riba, ingekwisha shuka zamani.

TUNADAI NINI

Napendekeza chama chetu kipeleke madai haya kwa serikali na kwa wabunge wetu wa wafanyakazi:

1. Mfanyakazi aliyepunguzwa kazi au asiyelipwa mshahara, mwenye nyumba moja anayoishi, apewe miezi sita kabla ya mnada, na ile amana ya asilimia 30 isidaiwe kwake.

2. Mwajiri anayekata mkopo kwenye mshahara bila kuupeleka benki ahesabiwe kuwa mdaiwa yeye. Mfanyakazi mwenye karatasi zake za mshahara asiguswe.

3. Uanzishwe mfuko wa kununua madeni ya namna hiyo na kuyapanga upya kwa muda mrefu. Housing Finance Bank ipo, na wenye hisa kubwa ni serikali na NSSF, yaani akiba zetu wenyewe. Pa kuanzia papo.

4. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kikomo cha riba ya wakopeshaji fedha, asilimia 2.8 kwa mwezi. Kwa milioni mbili zangu ingekuwa shilingi 56,000, si laki mbili. Kikomo hicho kisimamiwe mitaani, na mkataba wa kuuza unaoficha mkopo uhesabiwe kuwa batili.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Ilete ofisini isomwe. Mwambie mwenzako wa ndoa. Jiunge na chama cha akiba kabla ya shida. Tangu mwaka 2022 mwanachama wa NSSF mwenye miaka 45 na aliyechangia miaka kumi anaweza kutoa hadi asilimia 20 ya akiba yake, lakini hiyo ni fimbo ya uzee. Usiivunje kuni isipokuwa hakuna njia nyingine.

Nanyi ndugu wa mashamba ya miwa na chai, msiseme haya ni ya watu wa Kampala. Mnalala kambini, nyumba ya kambi ni ya kampuni. Siku ya kustaafu utaondoka na godoro lako. Kibanja ulichonunua kijijini ndicho kituo chako cha mwisho, na wakopeshaji wanajua hilo kuliko wewe.

Yule mwanachama wa milioni 18 bado yumo nyumbani mwake hadi ninapoandika. Tuliziweka mezani kwa meneja wa benki karatasi zake zote za mshahara, moja baada ya moja, na akakubali kungoja hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo sijui. Huruma ya meneja mmoja si sheria, na meneja huweza kuhamishwa kesho. Tunataka sheria.

Umoja ni nguvu.