FUNDI WA CHUKUDU NAYE AKETI MEZANI



Mwezi uliopita ukumbi wetu ulijaa mpaka watu wengine wakasimama madirishani. Yalikuwa majadiliano ya watu wote juu ya kesho ya uvumbuzi na ya kazi za kujianzishia katika inchi yetu. Mezani waliketi mwalimu mmoja wa universite, mfanyabiashara mmoja, na mkubwa mmoja wa ofisi ya serikali. Walisema vizuri, na sisi tuliwapigia mikono. Lakini nina neno la kuongeza: fundi hakualikwa. Hakukuwa seremala, hakukuwa mtu wa kuunganisha vyuma, hakukuwa mama mshonaji. Je, tunaweza kusema juu ya kesho ya kazi bila wale wanaoifanya leo?

Wengi wetu tukisikia «uvumbuzi» tunawaza ordinatere na mashini za Ulaya tu. Tutazame kwanza kile kinachopita barabarani kila asubuhi: chukudu. Haikutoka katika universite. Ilianza huku kwetu Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Wakulima walikuwa na viazi, kabichi na makala, soko lilikuwa mbali, na gari halikuwa la kila mtu. Basi mafundi walichukua mti mgumu, wakachonga magurudumu mawili, wakayavika mpira wa pneu za zamani ili yasiliwe na mawe. Kijana anapiga goti moja juu yake, mguu mwingine unasukuma, na mzigo wa mamia ya kilo unatelemuka mpaka muji. Ndiyo sababu Goma wamesimamisha sanamu kubwa ya chukudu katikati ya njia panda, rangi yake kama zahabu. Huo njo uvumbuzi: mtu ameona shida mbele ya mlango wake, akatafuta dawa yake kwa vitu alivyo navyo.

Wenye masomo nao wakifuata njia hiyo wanafaulu. Mwaka 2013 watu wa Kinshasa waliona maroboti yakiongoza magari katika njia panda. Yalipata nguvu kwa jua na yalikuwa na kamera. Aliyeyafikiri ni mama wa inchi hii, inzinyere Thérèse Izay Kirongozi. Hakuanza na mashini, alianza na shida: magari mengi na madereva wasiosikia. Ona basi, fundi na inzinyere wameanza pahali pamoja.

Sasa tuseme juu ya mali. Katika majadiliano kijana mmoja aliuliza: «Leta itatupatia lini feza tuanze?» Watu walishangilia sana. Mimi namjibu kwa habari ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Tarehe 30 novemba 1973 Raisi Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na kampuni nyingi za wageni zitakuwa za wazaliwa wa inchi. Watu walipewa duka tayari, limejaa vitu. Wengi waliuzisha vitu vile, wakala feza, hawakununua vingine. Maduka yalibaki matupu, na kabla mwaka 1976 kwisha serikali ilikubali kuwarudishia wenyewe wa zamani mali yao. Kosa halikuwa kwamba Mzaire hana akili. Wengi wao walipewa juu ya kujulikana na wakubwa, si juu ya kujua kazi. Duka unaweza kumpa mtu kwa siku moja, lakini kujua kuhesabu, kuweka akiba na kutunza mnunuzi hakutolewi hivyo.

Mkubwa wa serikali alitukumbusha sheria ya 8 septemba 2022 ya kusaidia vijana wanaoanzisha kampuni. Ni jambo jema. Lakini sheria haipigi randa, wala haiandiki hesabu ya jioni.

Najua wengine watasema: «Prefe wetu anatuambia tusukume chukudu!» Hapana. Chukudu ni akili, lakini pia ni umaskini. Kijana anaisukuma mpaka mgongo unaharibika, barabara ni mashimo, umeme ni wa kubahatisha, na kila mwenye kofia njiani anaomba kodi yake. Serikali iwajibike juu ya hayo, na sisi tusiache kuyasema. Lakini ni nani atakayeiongezea chukudu breki nzuri zaidi? Ni nani atamwonyesha fundi kwamba anauzisha kwa bei iliyo chini ya miti aliyonunua? Ni sisi tuliosoma fizika na hesabu, kama tukikubali kuinama na kutazama.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu kwa wakubwa wa shule na kwa komite yetu:

1. Majadiliano yatakayofuata, mafundi wawili waketi mezani, na waseme kwa kiswahili bila haya.

2. Wanafunzi wa komersiale, siku ya posho, waende kwa mafundi wa karibu wanaopenda, wawasaidie kuandika daftari la mapato na matumizi.

3. Wanafunzi wa siantifike wachague shida moja ya hapa shuleni, kwa mfano moshi wa jiko au maji ya mvua yanayopotea, waitafutie dawa mbele ya mwisho wa mwaka.

Hayo hayaombi feza nyingi. Yanaomba muda na kujishusha.

Sisi wa kilasi cha mwisho tuko karibu na mtihani wa Leta. Tukipata diploma, wengi watazunguka ofisi kwa ofisi na bahasha mkononi, na ofisi hazitoshi. Diploma ni nzuri, tuitafute kwa nguvu zote. Lakini tukumbuke kwamba aliyetengeneza chukudu hakungoja barua ya kuitwa kazini.

Mwenye neno lingine aandike katika jarida linalokuja. Nitafurahi kusoma.

Prefe wa wanafunzi, kilasi cha sita