Boti ya faiba uani: itengenezwe bila kuwaumiza waliomo ndani

Mvuvi mmoja wa Bwawa la Mtera, ambaye familia yake inaishi hapa Dodoma mjini, ameniuliza swali linalowahusu wengi. Amenunua boti ya zamani ya faiba. Ubavu wake umepasuka na sakafu imelainika. Bei aliyotajiwa na fundi haiwezi, kwa hiyo anataka kuitengeneza mwenyewe uani, jioni baada ya kazi. Mama watoto ana ujauzito wa miezi mitano, na wana mtoto wa miaka mitatu. Anauliza: kuna ubaya gani?

Nimjibu kwanza kwa kumtia moyo. Boti ya faiba iliyochoka inatengenezeka, na kwa familia inayotegemea perege na kambale, boti nzima ni ada ya shule na chakula cha mwezi. Tatizo liko kwenye neno moja tu katika swali lake: uani.

Boti hizi zinazidi kuwa nyingi. Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti za kisasa kwa mkopo kwa wavuvi wa Kanda ya Ziwa. Boti mpya za leo ndizo kuukuu za kesho, na wengi watakaozinunua watataka kuzifufua nyumbani. Tujifunze mapema.

Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikanishwa na gundi iitwayo rezini. Gundi hiyo huja ikiwa majimaji. Ukiichanganya na hadina, yaani dawa ya kuikausha, inakuwa ngumu kama jiwe. Faiba yenyewe haiozi kama mbao, lakini boti nyingi zina mbao zilizofunikwa ndani ya sakafu na nyuma pale injini inapofungwa. Ufa ukiingiza maji, mbao hizo huoza kimyakimya. Gonga kwa kinyundo kidogo: palipo pazima hulia kwa sauti kali, palipooza au kuachana hutoa sauti nzito.

Hapa ndipo Dodoma inapomsaidia mvuvi wetu. Rezini haishiki penye unyevu, na sisi tuna kiangazi kirefu kati ya mvua zinazoisha Aprili na zile zinazoanza Desemba. Toa mbao zilizooza, inua boti juu ya magogo, iache wazi ipitishe hewa kwa wiki kadhaa. Kazi ya kukausha haina harufu wala vumbi la kioo, na inaweza kufanyika nyumbani bila shida.

Hatari inaanza unaposhika msasa au grenda. Vumbi la faiba ni chembe za kioo. Linawasha ngozi, linachoma macho na kukera koo na kifua. Kwa upepo wetu wa miezi ya kipupwe, litatua kwenye ndoo ya maji, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye godoro la mtoto. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mtoto wa miaka mitatu anagusa kila kitu, kisha anatia kidole mdomoni.

Panapowezekana tumia msasa wa maji kwa mkono, kwani maji hukamata vumbi. Usimwagie maji grenda ya umeme, itakuua. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi au sare za shule. Oga kwa maji mengi na sabuni, usijisugue, maana ukisugua unazidi kuzama chembe ndani ya ngozi.

Harufu kali ya rezini nyingi za boti inatokana na kemikali iitwayo stairini. Ukiivuta sana unaumwa kichwa, unapata kizunguzungu na kichefuchefu. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Hofu hiyo ni zaidi kwa wanaoivuta kazini miaka na miaka, kwa hiyo siku moja ya kuziba ufa isikunyime usingizi. Hata hivyo, mjamzito na watoto hawana sababu ya kuwa karibu nayo hata kidogo.

Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama ndani ya boti, pale pale anapoinamia anayefanya kazi. Kitambaa au barakoa ya hospitali haiuzuii. Inayofaa ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya mvuke wa kemikali. Zaidi ya hapo, fanya kazi mahali pa wazi.

Hadina ndiyo inayonitisha kuliko vyote. Ile inayotumika sana ni angavu kama maji, na tone moja likiingia jichoni linaweza kukupofua. Vaa miwani ya kazi iliyofunika pembeni. Likiingia, suuza jicho papo hapo kwa maji safi kwa dakika zisizopungua 15, halafu nenda hospitali. Usikubali kamwe kupimiwa hadina au rezini kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto akiimeza, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali pamoja na chombo chake.

Baadhi ya maduka huuza pia dawa ya kobalti ya kuharakisha rezini kukauka. Usiichanganye moja kwa moja na hadina, vinaweza kulipuka. Rezini iliyokwisha changanywa nayo huchemka yenyewe ikiachwa nyingi kwenye kopo, hutoa moshi na inaweza kuwaka. Jua letu la saa saba linaifanya iwahi zaidi. Changanya kidogo kidogo, asubuhi, mbali na jiko la mkaa na sigara. Matambara yaliyolowa yaingie kwenye ndoo ya chuma yenye maji, nje ya nyumba.

Sasa, pesa. Namshauri mvuvi wetu aigawe kazi. Kusafisha, kukausha na kukata mbao mpya afanye mwenyewe. Siku za kusaga na kubandika faiba, boti ihamie kiwanja cha wazi mbali na nyumba za watu, au irudi mwaloni Mtera. Siku hizo amlipe fundi mwenye vifaa, badala ya kumkabidhi kazi yote tangu mwanzo. Gharama itapungua, na rezini haitaingia getini kwake. Boti irudi nyumbani tu ikiwa imekauka kabisa na harufu imekwisha.

Kabla ya kurudi bwawani, iongee na afisa uvuvi wa halmashauri kuhusu usajili, na ijaribiwe kwanza kwenye maji mafupi, kila aliyemo akiwa na jaketi la kuokolea.

Na mama watoto ashirikishwe tangu leo. Yeye ndiye anayejua mtoto anacheza wapi, maji ya kunywa yanakaa wapi na nguo zinaanikwa wapi. Akisema boti isogezwe, isogezwe.