Wasomi wetu Uingereza wafungwa na subira ya viza

MGENI siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Kwa Wakenya wanaohitimu katika vyuo vikuu vya Uingereza, mambo yamegeuka. Mgeni ndiye anayeomba jembe, naye mwenyeji anamwambia angoje.

Chukua mfano wa binti wa Kakamega aliyepelekwa Leeds kusomea uhandisi kwa fedha za harambee na za nusu ya shamba la babake. Amehitimu, amepata kampuni iliyo tayari kumdhamini, na amewasilisha ombi la kubadilisha viza ya mwanafunzi iwe ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Idara ya uhamiaji huko kwa kawaida huahidi jibu katika muda wa majuma manane. Majuma hayo yanapita, anaarifiwa kwa baruapepe kwamba ombi lake lahitaji kuchunguzwa zaidi, na tangu hapo ni kimya.

Kisheria, binti huyu hajakosa kitu. Kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya Uingereza ya 1971 chaeleza kwamba aliyeomba kabla ya viza yake kumalizika huendelea kuwa nchini kihalali, kwa masharti yale yale ya awali, hadi ombi lake liamuliwe. Ni vyema vijana wetu walifahamu hilo, maana wapo wanaojificha bure kama wezi.

Tatizo ni kwamba ngao hiyo haionekani kwa macho. Kadi za ukaaji zilikoma kutumika mwishoni mwa 2024, zikachukuliwa nafasi na rekodi za mtandaoni. Mwajiri akiitazama rekodi hiyo aweza kukuta tarehe iliyokwisha kupita. Hapo hulazimika kuiandikia serikali kuomba uthibitisho, ambao nao hudumu miezi sita pekee. Ni wangapi watakaojisumbua? Tangu Februari 2024, faini ya kumwajiri mtu asiye na kibali yaweza kufika pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi, na pauni 60,000 kosa likirudiwa. Meneja mwoga, na aghalabu mameneja ni waoga, huona heri nafasi ampe mwingine. Kampuni inayomdhamini nayo ikichoka kungoja na kuondoa udhamini wake, ombi hukosa mguu wa kusimamia.

Huku nyumbani hayo hayajulikani. Kinachojulikana ni kwamba binti amehitimu na hatumi kitu. Wazazi hawaelezwi kwamba siku ya kuomba viza alitozwa ada ya huduma za afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka atakaokaa. Kwa viza ya miaka mitatu, hizo ni zaidi ya Sh500,000 zilizolipwa kabla hajaonja mshahara. Kijijini huanza minong'ono kwamba Uingereza imemsahaulisha kwao.

Kisha baba anafariki.

Hapa ndipo penye ukatili wa utaratibu huu, na sijui kama walioutunga waliwahi kufikiria matanga ya Mwafrika. Kanuni zasema kwamba mwombaji akitoka Uingereza kabla ya kupata uamuzi, ila akienda Ireland au visiwa vya jirani, ombi lake huhesabiwa kuwa ameliondoa mwenyewe. Hakuna anayemzuia kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow. Ataruhusiwa kupanda ndege aje amzike babake, lakini atakuwa amezika na kazi yake.

Akitaka kuomba upya, ataomba akiwa Nairobi, na huenda akakuta kizingiti kimeinuliwa. Mnamo Aprili 2024 kiwango cha jumla cha mshahara kwa viza hiyo kilipandishwa kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka. Julai 2025 kikafika 41,700. Wanaohitimu karibuni hupunguziwa, ila hata wao walitakiwa kufikisha 33,400. Januari 2026 mtihani wa Kiingereza ukafanywa mgumu zaidi.

Binti wa mfano wetu atabaki Leeds, atazame jeneza likiteremshwa kwenye simu ya binamuye, mtandao ukikatikakatika. Wajomba watauliza yuko wapi huyo aliyeuziwa shamba.

Sisemi Uingereza haina haki ya kulinda mipaka yake. Inayo, kama tulivyo nayo sisi. Wala uchunguzi wa maombi si dhambi. Lakini serikali inayokawia kutoa uamuzi haifai kumtwisha mwombaji gharama yote ya kukawia huko.

Nairobi nayo haiwezi kujitia hamnazo. Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na viongozi wetu hawachoki kuzitaja fedha hizo. Julai 2021 serikali yetu iliketi na London ikatia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya. Tangu 2022 tuna idara nzima ya masuala ya Wakenya walio ughaibuni. Idara hiyo yaweza kuomba jambo dogo: ruhusa ya majuma mawili, kwa cheti cha kifo, ili mwombaji aje azike mzazi, mume, mke au mtoto, kisha arejee alikokuwa akingoja, ombi lake likiwa hai.