Tukimbie Nyuma ya Milima



Msafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha huiona Same kupitia dirisha la basi, akaisahau kabla ya kufika Mwanga. Kisiwani haioni kabisa, kwa kuwa iko nyuma ya milima ya Upare, ikipakana na Mkomazi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Hata hivyo, mkimbiaji angetaka nini zaidi? Chini pana tambarare. Juu, milima hupanda hadi Shengena, mita 2,462.

Moshi ina Kilimanjaro Marathon tangu mwaka 2003. Sisi tusingoje mdhamini wala medali.

Wako watakaouliza: aliyeshika jembe tangu alfajiri akimbie kwa ajili gani? Swali hilo ni la haki. Lakini jembe ni wajibu, nao wajibu huchosha hata moyo. Kukimbia pasipo kutumwa wala kukimbizwa ni uhuru. Anayeuhitaji zaidi ni mama asiyetoka nyumbani pasipo mzigo kichwani. Tumwonapo akikimbia, tusimcheke, wala tusimwulize anakwenda wapi.

Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025, tulishangilia tukiwa tumeketi. Sasa na tusimame. Twende kwa makundi, kukiwa kumepambazuka, maana tembo nao wana njia zao.